Atlasi ya binti yangu: faharasa safi, ziwa tupu

Nitoe hukumu kwanza ili mwenye haraka aondoke nayo. Kwa shilingi 22,000, atlasi hii ya shule ya msingi inafaa kununuliwa, mradi mzazi awe tayari kukaa nayo mezani pamoja na rula, penseli na kipande cha uzi. Ukimwachia mtoto peke yake ataangalia bendera za nchi zilizochapwa ndani ya jalada la nyuma, atabishana na wenzake ipi nzuri, kisha kitabu kitapanda juu ya kabati na kukaa huko. Mimi naipa tatu na nusu kwa tano. Ile moja na nusu iliyopungua imezama ziwani, na nitaeleza ilivyozama.

Jina la mchapishaji silitaji. Kwenye maduka ya vitabu ya hapa Mwanza mjini zipo atlasi kadhaa za aina hii, zote zina tufe la dunia kwenye jalada na watoto wawili wenye sare wanaocheka, na kasoro nilizozikuta kwenye hii nimezikuta pia kwa jirani zake palepale rafuni. Kwa hiyo yachukue haya kama vipimo vya kukagulia yoyote utakayoishika.

Mimi ni dereva wa Fuso. Napakia dagaa Mwaloni pale Kirumba, napeleka Kahama, Nzega, Singida, mara nyingine hadi Dodoma, na nikirudi nabeba kinachopatikana. Binti yangu yuko darasa la nne, na mwalimu wao wa jiografia amewaambia kila mmoja aje na atlasi. Mama yake akasema mambo ya barabara ni ya baba. Basi nikaenda mimi.

Kabla hujatoa hela, fungua ukurasa wa mikoa ya Tanzania utafute Songwe. Mkoa huo ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Kama haupo, uliyoshika ni ya zamani hata kama bado inanukia wino. Ukikosa na Geita, Simiyu, Katavi na Njombe, basi hiyo ni ya kabla ya 2012, irudishe rafuni bila maneno mengi. Mikoa sasa ni 31, 26 ya Bara na 5 ya Zanzibar. Kisha geukia Afrika: Sudan Kusini imekuwa nchi tangu 2011, na iliyokuwa Swaziland inaitwa Eswatini tangu 2018. Ukaguzi wote huo unaufanya umesimama, na muuzaji hana la kujibu. Yangu ilipita. Ile ya bei nafuu niliyoishika kabla yake ilikuwa bado inaiweka Geita ndani ya Mkoa wa Mwanza. Kijana wa dukani akaniambia, "Mzee, barabara si ni zilezile?" Nikamwambia mitihani siyo ileile.

Nianze na sifa zake, maana zipo. Faharasa ya hii atlasi ni kazi safi. Majina yamepangwa kwa alfabeti, kila jina lina namba ya ukurasa na mraba wake, kwa mfano ukurasa wa 14, C3. Herufi ziko juu na chini ya ramani, namba ziko pembeni, na mistari ya gridi imechapwa hafifu kiasi kwamba haizibi majina. Mtoto anashika C kwa kidole cha mkono mmoja, 3 kwa kidole cha mkono wa pili, anavikutanisha, na anachokitafuta kimo ndani ya mraba huo. Kwetu imegeuka mchezo wa jioni baada ya chakula. Mmoja anataja mji, mwingine anautafuta, na hairuhusiwi kuparamia ramani kwa macho. Lazima upite kwenye faharasa. Nilimpa Nachingwea, akaipata. Nikampa Namanyere, akaipata. Yeye akanipa Ouagadougou, akanikalia kichwani akicheka huku nikitafuta herufi O. Mdogo wake ambaye hajaanza kusoma vizuri naye anataka zamu, kwa hiyo tunampa kazi ya kushika kidole kwenye herufi.

Nawashauri wazazi waanzie hapo, kabla ya digrii na vipimo. Mtoto akishajua kwamba kila mahali duniani kuna anwani yake ndani ya kitabu, anakuwa na hamu ya kuyauliza mengine.

Sasa ziwa.

Ramani kubwa ya Tanzania imetandazwa kurasa mbili, skeli ni 1:5,000,000, yaani sentimita moja ya karatasi ni kilomita 50 za ardhi. Ziwa Victoria limepakwa buluu moja kuanzia hapa hadi Bukoba, na katikati limeandikwa jina lake kwa herufi kubwa zilizotawanywa. Ukerewe imechorwa lakini haina jina. Ukara haipo. Kome haipo, Maisome haipo. Rubondo inajitokeza kwenye ukurasa wa hifadhi za taifa peke yake. Kurasa nyingine zote imezamishwa.

Mchora ramani atajitetea kwamba kwa skeli hiyo vitu vidogo huachwa, na ni kweli, ndiyo kazi ya skeli. Lakini hebu tupige hesabu yake mwenyewe. Ukerewe ina eneo la kilomita za mraba kama 530, na kwa 1:5,000,000 hiyo ni sehemu yenye ukubwa wa punje ya mchele. Punje ya mchele inaonekana, na pembeni yake nafasi ya kuandika jina ipo tele, kwani kote kumezungukwa na buluu isiyo na kazi. Hiki ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyomo ndani ya maziwa ya Afrika. Ni wilaya nzima, ina mji wa Nansio, ina mashamba ya mihogo na yale machungwa tunayoyagombania sokoni. Mtoto wa Nansio akifungua kitabu hiki ataona anaishi mahali pasipo na jina, wakati kwenye ukurasa wa Ulaya kila kisiwa cha Ugiriki kimeandikwa.

Ukurasa wa usafirishaji nao umenikera kwa namna hiyohiyo. Ufunguo, yaani kile kisanduku kinachoeleza alama za ramani, unaonyesha reli, barabara kuu, viwanja vya ndege, na mstari wa vidoti kwa njia za meli. Vidoti vipo kati ya Dar es Salaam na Zanzibar. Ziwani hakuna hata kimoja, utadhani watu wa Bukoba huja Mwanza kwa kuogelea. MV Victoria imebeba watu na ndizi kati ya miji hii miwili tangu miaka ya 1960. Binti alichukua kalamu ya wino mwekundu akaichora njia hiyo mwenyewe, na njia ya kwenda Nansio, na sikumzuia. Kitabu ni chake.

Kwenye Ghuba ya Mwanza, kati ya Kigongo na Busisi, wameweka alama ya kivuko. Hilo siwalaumu, kitabu kilichapwa kabla ya daraja kufunguliwa Juni 2025. Ila limetupa somo zuri. Nilimuuliza: daraja lina urefu wa kilomita 3, je, kwenye ramani hii litakuwa na urefu gani? Akagawanya 3 kwa 50, akapata sentimita 0.06, chini ya milimita moja. Daraja ambalo ukilivuka kwa mguu unachoka, kwenye karatasi ni nukta. Hapo akaelewa kwa nini ramani hutumia alama: vitu vingine ukivichora kwa ukubwa wake halisi havionekani, kwa hiyo watu wanakubaliana juu ya alama na kuieleza kwenye ufunguo.

Na ufunguo wenyewe una tatizo la mwandiko. Umebanwa kwenye kona ya chini kwa herufi ndogo mno, mtoto anauruka. Matokeo yake, binti alipofungua ramani ya maumbo ya nchi aliona Pwani yote kijani, huku kwetu njano na kahawia, akauliza, "Baba, huku kwetu hakuna majani?" Swali zuri kabisa. Kijani pale hakihusu majani, kinaonyesha nchi iliyo chini, karibu na usawa wa bahari. Kahawia ni nchi iliyoinuka. Uso wa ziwa letu uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, ndiyo maana hata fukwe zetu zimepakwa rangi ya nchi ya juu. Nikamwonyesha Dodoma na Bukoba: zote zimo kwenye rangi moja kwa sababu miinuko yake inakaribiana, lakini Dodoma nimepita kiangazi vumbi likinifuata, na Bukoba migomba imesimama hadi mlangoni mwa watu. Anayetaka kujua mvua aende ukurasa wa mvua. Mwandishi wa atlasi angeweza kuliandika hilo kwa sentensi moja kubwa juu ya ukurasa, akawaokoa watoto wengi na wazazi wao.

Buluu nayo haisemi kina. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofika mita 1,470, letu hata pale penye kina kirefu ni kama mita 80 tu, na yote mawili yamepewa buluu ileile. Kwa kitabu cha bei hii ningetegemea buluu mbili.

Sehemu iliyonifurahisha mimi kama dereva ni skeli. Karibu kila ramani kubwa ina skeli ya uwiano, hiyo ya namba, na chini yake skeli ya mstari iliyogawanywa kwa kilomita. Hakikisheni atlasi yenu ina zote mbili. Sababu yenyewe ni fotokopi. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi na atlasi chache hupeleka ukurasa mmoja steshenari ukatolewe nakala, na mara nyingi unakuzwa ili wa nyuma nao waone. Ukishakuzwa, ile 1:5,000,000 iliyoandikwa pale chini inakuwa uongo, sentimita moja si kilomita 50 tena. Lakini mstari unakua pamoja na ramani, kwa hiyo ukipimia mstari bado uko salama. Kwenye hii atlasi ramani ya Afrika Mashariki ina namba bila mstari. Sijui kwa nini waliuacha huo mmoja.

Tulipima hivi. Rula kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam: sentimita 17, kilomita 850. Binti akashangilia kwamba ni karibu. Nikamwambia hiyo ni njia ya ndege, mimi sina mabawa. Tukachukua uzi wa kushonea nyavu, tukaulaza juu ya barabara: Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro, tukiubana kwa vidole kwenye kila kona. Uzi ukatoa sentimita 21, kilomita 1,050. Kwa barabara ni takriban kilomita 1,150. Hizo 100 zimekwenda wapi? Ziko kwenye kona. Ramani ndogo hunyoosha barabara. Kona za milimani na michepuko ya mabonde mchoraji hana pa kuziweka. Kadiri ramani inavyoonyesha eneo kubwa ndivyo uzi unavyopunja. Hilo sijaliona limeandikwa popote kwenye atlasi hii, na mtoto hawezi kuligundua kwa rula.

Mwanza na Bukoba ndiyo mfano mtamu zaidi kwa watu wa huku. Kwa rula, kukatiza ziwa, ni kama sentimita tatu na nusu, kilomita 175 au 180. Kwa barabara, kupitia Geita na Biharamulo, ni zaidi ya 400. Mtoto akiona tofauti hiyo kwa uzi wake mwenyewe hahitaji kuelezwa kwa nini watu hupanda meli.

Kurasa za latitudo na longitudo, ile mistari inayolala na inayosimama kwenye ramani, zimeandikwa kikavu, zinafafanua mistari halafu zinaleta maswali ya kujaza nafasi. Nilitegemea kulala usingizi. Lakini ramani zenyewe zina mistari hiyo mizuri na yenye namba, kwa hiyo tukatengeneza maswali yetu. Mwanza iko latitudo 2½ kusini hivi na longitudo 33 mashariki. Ikweta inapita juu ya ziwa letu lakini haifiki Tanzania. Ipo upande wa Uganda na Kenya. Mpaka wetu na Uganda ziwani ni mstari ulionyooka kwa sababu unafuata latitudo ya 1 kusini, waliyokubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1890 bila kumuuliza mvuvi yeyote. Digrii moja ya latitudo ni kilomita 111, kwa hiyo kutoka hapa hadi Ikweta ni kama kilomita 280. Binti alikata hesabu hiyo kichwani, nikamnunulia soda.

Longitudo ndiyo iliyomshika hasa, kwa sababu ya Ramadhani. Kila mtu wa Mwanza anajua kwamba televisheni ikitangaza Dar wamefuturu, sisi huku bado tunautazama uji. Kwa nini, na saa ni moja nchi nzima? Dar iko longitudo ya 39 na kidogo, sisi 33. Dunia inazunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kwa saa, digrii moja kwa dakika nne. Tofauti yetu ya digrii sita na kitu inatoa dakika kama 25. Majira ya mwaka huongeza au kupunguza kidogo, lakini kiini ni hicho. Alikwenda kuwaeleza wenzake madrasa. Swali kama hilo lingekuwemo kitabuni, watoto wa Kanda ya Ziwa wote wangelikumbuka.

Kurasa za mwanzo, zinazofundisha kuchora ramani, zina mji wa kubuni: mitaa minne iliyonyooka, shule, zahanati, msikiti, kanisa, soko, kila kitu pembe mraba. Mji huo haumfai mtoto wa Mabatini ambaye njia ya shule inapanda kati ya mawe, inashuka ngazi, inazunguka ukuta wa mtu. Tuliuacha. Nikampandisha mahali palipoinuka asubuhi, nikamuuliza jua linatokea wapi. Upande wa Igoma. Basi hiyo mashariki. Ziwa liko magharibi, uwanja wa ndege kaskazini, Nyegezi kusini. Kisha tukaigeuza atlasi mpaka kaskazini ya kitabu ikatazama kaskazini ya kweli. Wengi wetu tulifundishwa kaskazini ni juu, mtoto akasimama akanyoosha kidole mawinguni. Akishaigeuza mara moja tu mwenyewe, ugonjwa huo unapona. Ramani aliyoichora ya kwenda shuleni ina jina, fremu, dira na ufunguo, na alama ya jiwe ameibuni yeye, kwa sababu kwenye ufunguo wa kitabu mawe hayapo.

Karatasi ni nzito na haipitishi wino. Mshono wa katikati ni mbaya: ramani ya kurasa mbili inakunjwa palepale Singida ilipo, na mji umemezwa na mkunjo. Ukiibana ifunguke, gundi inalia. Mwenye simu atauliza kwa nini asitumie ramani ya simu. Atumie, hata mimi ninayo kwenye gari. Inaniambia kata kushoto baada ya mita 300, na kwa hilo ni hodari. Haijawahi kumfanya mtoto wangu aulize kwa nini Dodoma na Bukoba zina rangi moja.

Ukiamua kununua, omba wakufungulie ile yenye nailoni, usipokee iliyofungwa. Pitia kurasa zote mbele ya muuzaji, kwani nakala moja niliyoifungua ilikuwa na Amerika Kusini mara mbili na Asia hakuna. Mimi nilianzishiwa 25,000, ikashuka hadi 22,000 baada ya kuwaonyesha mkunjo wa Singida. Nailoni ya kuvalisha jalada inauzwa Makoroboi kwa bei ya kawaida. Ivalishe kabla haijaingia kwenye begi la shule, hasa mwezi wa nne mvua zikiwa nyingi.